Kwizera Hagusi Mpira

Kirushya, Ngara
20 Agosti 2023

Mwanangu Kwizera,

Nakusalimu wewe na hao unaokaa nao, hata kama majina yao ulimi wangu hauyawezi. Sisi tumeamka. Baba yako kikohozi kimemwachia. Mdogo wako Yuster mwalimu wake anamsifu kwa hesabu, lakini kuchota maji anasahau. Yule ndama mwenye doa alikufa, usiniulize, nimeshalia. Jua ni kali, migomba imekunja majani, tunangoja mvua tupande maharage.

Usishangae kwamba naandika na simu ipo. Simu yako ikiita baba yako anaiwahi, anapaza sauti kama vile umekuwa kiziwi, mnaulizana hali ya hewa, inakatika. Mimi nabaki na maneno yangu mdomoni. Darasa la nne langu linanitosha kwa barua, na katekista Rogasian huenda Ngara mjini, ataniwekea posta.

Sasa ile picha. Yuster aliniletea kwenye simu ya mwalimu wake. Nimeitazama mpaka ikazimika. Mmepanga mstari, mmeinama, mkono mmoja chini kama watu waliopoteza sindano, na kichwani mmevaa kitu kama sufuria yenye vyuma mbele. Sura haionekani. Nilikujua kwa shingo, na kwa huo mguu wa kushoto unaoutupa nje tangu ulipoanza kutembea.

Nikauliza, mpira uko wapi? Yuster akatafuta picha zinazotembea, tukaona. Mpira anao kijana mwembamba aliye nyuma yako. Anautupa, mwingine mbali huko anaudaka, watu wanaruka kwa furaha. Na wewe muda wote unasukumana na mtu mmoja mpaka filimbi inalia. Nikamwambia Yuster arudie. Akarudia. Hukuugusa hata kwa kidole.

Mwanangu, unaadhibiwa? Ulimkosea nani? Niambie mimi kwanza, baba yako nitamwambia kidogo kidogo. Yeye amewatangazia wenzake kwenye pombe ya ndizi kwamba mwanae anacheza mpira Amerika na mpira ndio unaomsomesha. Sasa anasema asiyepewa mpira ndiye wa kwanza kurudishwa, na masomo yatakatikia njiani. Hali chakula vizuri. Mimi nikimwona hali, na mimi sili.

Unakula nini huko?

Mama yako,
Theodosia

---

Chuo cha Mtakatifu Isidori, Nebraska
24 Septemba 2023

Mama, shikamoo. Mpe baba shikamoo yake pia, na umwambie Yuster akisahau maji tena nitampigia simu mwalimu wake.

Pole kwa ndama. Mimi ni mzima. Nakula nyama nyingi, viazi vingi, mayai asubuhi kama mgonjwa wa hospitali. Ndizi za kupika hakuna. Kuna ndizi tamu tu, na zenyewe hazina harufu.

Siadhibiwi, mama. Nimecheka mpaka mwenzangu wa chumbani akauliza kuna nini, nikashindwa kumweleza. Mpira huu wa kwao si ule wa kwetu wa miguu. Kila mtu ana kazi yake, na yangu haihusu mpira kabisa. Sisi wa mstari ni watano. Yule mwembamba nyuma yetu ni mrushaji. Watu wa upande wa pili wanataka kumfikia wamwangushe kabla hajarusha, na wakimfikia wanaweza kumvunja. Sisi tunasimama katikati. Sheria inasema mtu wa nafasi yangu haruhusiwi kukimbia kwenda kudaka mpira. Na adui sitakiwi kumkumbatia, ni kumsukuma tu. Tena tunaanza wote kwa neno moja. Mmoja wetu akijitikisa kabla ya neno, timu yote inarudishwa nyuma.

Yule ninayemlinda simwoni, maana yuko mgongoni kwangu. Najua kwamba yuko salama kwa kelele za watu. Jumamosi nilikuwa na matope mpaka ndani ya pua, na mtu niliyepambana naye alikuwa mzito kuliko fahali wa mzee Ndassa. Mrushaji wetu alitoka na nguo safi. Kocha alinipiga kofi la mgongo. Ndiyo sifa yetu hiyo, nguo safi ya mtu mwingine.

Baba asiogope. Nikiendelea kusimama kwenye mstari, ada inalipwa.

Mwanao,
Kwizera

---

Kirushya
29 Oktoba 2023

Mwanangu Kwizera,

Barua yako imefika, imechafuka pembeni lakini haikufunguliwa. Tumshukuru Mungu. Mvua imekuja na maharage yameota. Koleta jirani yetu amejifungua mtoto wa kiume, mkubwa kama wewe ulivyokuwa, maskini. Ukiona mwandiko umebadilika ni Yuster, mimi nasema yeye anaandika. Mkono wangu umechoka na jembe.

Nimesomewa maneno yako mara tatu. Mara ya kwanza sikuelewa. Mara ya pili nikacheka hapo kwenye pua. Mara ya tatu nikamwambia Yuster, acha kidogo, hii kazi naijua. Hii ni ingobyi.

Wewe mwenyewe umeibeba. Au umesahau? Mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye bodaboda analazwa kwenye ile machela ya kusuka, wanaume wanne mabegani, wengine nyuma wakingoja zamu. Wafupi mbele mkipanda kilima, warefu nyuma, ili mgonjwa asiteleze. Wewe ulikuwa unawekwa nyuma ukiwa bado kidato cha pili, kwa ajili ya huo urefu. Na hakuna anayeondoa mguu mpaka mzee Nzeyimana aseme "Tugende", ndipo wote mnakwenda. Mkifika zahanati watu wanauliza, mgonjwa ni nani? Hakuna anayeuliza, wabebaji ni nani?

Kwa hiyo nimeelewa na nimetulia. Baba yako naye nimemweleza, akasema, "Kwa hiyo tulimpeleka Amerika kubeba ingobyi." Sikujua kama amefurahi au amekasirika. Yeye na wewe mnafanana hapo.

Lakini mwanangu, kuelewa ni kuelewa na moyo ni moyo. Nimeweka humu ndani barua kwa huyo kocha wako. Usiifiche. Mtafsirie kama ilivyo.

Mama yako

*Kwa Mwalimu wa Mpira. Shikamoo, kama umenizidi umri. Mimi ni mama yake Kwizera. Namshukuru Mungu kwa kumtunza. Nimeelewa kazi yake ni kulinda, kama wabebaji wa ingobyi, na ni kazi ya heshima. Ila mikono yake ni mizuri, tangu utoto hajaangusha mtungi wala mtoto. Naomba apewe mpira aushike hata mara moja, baba yake aone. Akishaushika mrudishie yule mwembamba. Ni mimi Theodosia, Kirushya.*

---

Nebraska
3 Desemba 2023

Mama, shikamoo.

Mkono unaendeleaje? Jembe mwachie Yuster, mikono yake ni mipya. Huku theluji imeanza. Sisemi zaidi, ukisikia jinsi ilivyo baridi utanitumia blanketi, na blanketi ninalo.

Barua yako nilikaa nayo siku kadhaa nikiona haya. Halafu nikampa kocha, nikamtafsiria. Ni mtu mkubwa, mwekundu, haongei sana. Akaomba niisome tena, safari hii mbele ya wenzangu wote kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nilipofika kwenye mtungi walicheka, na pale kwenye "mrudishie yule mwembamba" mrushaji mwenyewe alilala chini kwa kicheko. Kisha mmoja akauliza, ingobyi ni nini? Nikaanza kueleza. Wafupi mbele, warefu nyuma, Nzeyimana, neno. Kicheko kiliisha chenyewe.

Kocha akaleta benchi refu. Akaweka juu yake ndoo ya maji imejaa mpaka mdomoni, akawaambia wanne wa mstari waibebe mabegani kuzunguka uwanja, maji yasimwagike, na wapokezane njiani. Wote walimwaga maji, wakalowa. Akasema, "Kwizera, wafundishe." Nikasimama pembeni nikawa natoa neno. Ilichukua majuma mawili kabla hawajaanza kurudi wakavu. Mama, ungewaona, majitu yanatembea kama mabibi harusi. Mechi mbili za mwisho hakuna aliyejitikisa kabla ya neno.

Ombi lako kuhusu mpira kocha anasema sheria ni ngumu, lakini amelisikia. Barua yenyewe ameibandika ukutani.

Mimi naendelea vizuri. Masomo vizuri. Kila kitu vizuri.

Kwizera

---

Kirushya
21 Januari 2024

Mwanangu Kwizera,

Heri ya mwaka mpya, ingawa nao umeshaanza kuzeeka. Tumevuna maharage, si mengi, mvua ilizidi. Yuster ameingia darasa la saba. Leo naandika mwenyewe, mkono umepona, unaona mwandiko wangu unavyopanda kilima.

Nilicheka kwa ajili ya hao mabibi harusi. Nilimsomea na Koleta akacheka mpaka mtoto akaamka. Usiku nikawa najiuliza kwa nini sifurahi.

Kwizera, uliandika kwamba wanne walibeba, wewe ukasimama pembeni ukitoa neno. Mtu mwenye mabega kama yako anasimama pembeni kwa nini? Nzeyimana anatoa neno kwa sababu kiuno chake kilikufa tangu alipoanguka na ingobyi kwenye mteremko. Kabla ya hapo alikuwa anabeba. Hapa kilimani hakuna mtu mzima wa mwili anayetoa neno, anatoa yule asiyeweza kubeba tena. Na mara tatu umeandika vizuri. Ukiwa mdogo ulikuwa unasema vizuri mara moja. Siku uliyoungua na uji ndiyo ulisema mara tatu.

Niambie umeumia wapi.

Na usifikiri kuwekwa pembeni ni mchezo, najua watu wanavyojisikia. Juzi wabebaji walikuwa wanamteremsha mtu, mvua inanyesha, Nzeyimana anatoa neno huku anachechemea. Walipokezana pale kwenye njia panda, taratibu, yale majani ya migomba kule juu yakasimama kidogo, halafu yakaanza kutembea tena. Hakuna aliyetikisika. Niliwaza, Nzeyimana huyu asingekuwepo ingekuwaje?

Baba yako anauliza msimu mwingine unaanza lini. Sijamwambia ninachowaza. Nangoja wewe.

Mama yako,
Theodosia

---

Nebraska
14 Aprili 2024

Mama, shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilianza barua hii mara nyingi na kila mara nikaishia kwenye salamu.

Ni goti la kulia. Katikati ya Oktoba, watu wawili waliniangukia kutoka pembeni nikiwa nimekaza mguu. Wamelipasua na kulishona, nilitembelea magongo, sasa nimeyaacha. Natembea, napanda ngazi, nikirudi nyumbani nitalima. Lakini kwenye mstari sitarudi. Daktari amesema, na mimi nimejijaribu nikiwa peke yangu nikaona ni kweli.

Niliogopa lile neno la baba, kwamba asiyegusa mpira ndiye wa kwanza kurudishwa. Kweli nilikuwa nangoja kurudishwa. Nilishaanza kupanga nguo. Kocha akaniita, nikajua ndiyo siku yenyewe. Alikuwa amekaa chini ya ile barua yako. Akasema, nimefundisha watu hawa wasijitikise kabla ya neno kwa miaka mingi, wewe umewafundisha kwa ndoo ya maji. Akaniuliza kama ningependa kuwa msaidizi wake kwa watu wa mstari. Chuo kinamlipia ada msaidizi kama kinavyomlipia mchezaji.

Nikakubali. Halafu nikafanya jambo jingine bila kumuuliza baba. Nimeacha masomo ya biashara. Nasomea ualimu sasa, ualimu wa hisabati. Nilipokuwa nawaeleza wale vijana, mama, kuna kitu kilinijia ambacho hakijawahi kunijia nikiwa ndani ya mstari. Nilimwona mtu haelewi, halafu nikamwona anaelewa, uso wake ukabadilika. Siku nzima nilikuwa nataka kukiona tena.

Na ombi lako limekubaliwa kwa namna yake. Msaidizi ndiye anayebeba mipira. Naibeba yote, imejaa kwenye wavu mgongoni, kwenda na kurudi.

Baba mwambie wewe. Mimi nimeshindwa.

Sasa na wewe nijibu. Yale majani ya migomba yaliyosimama halafu yakaanza kutembea tena. Nimebeba ingobyi tangu nikiwa na miaka kumi na tano. Mbebaji anatazama miguu ya aliye mbele. Anayefuata nyuma anatazama tope. Majani yanayotembea anayaona mtu mmoja tu, aliyelala chali.

Nani alikuwa kwenye ingobyi, mama?

Kwizera

---

Kirushya
2 Juni 2024

Mwanangu Kwizera,

Nilijua nimekosea ile barua ilipokwisha kwenda posta. Sikujua ni wapi, nilijua tu. Kumbe ni majani.

Nilikuwa mimi. Ilikuwa uvimbe tumboni. Mara ya kwanza walinipeleka ukiwa umetoka kuandika ile ya matope puani, ndiyo maana Yuster aliandika, sikuwa nimeshika jembe wala nini. Wakanipa dawa. Mwezi wa kwanza uvimbe ukazidi, wakanibeba tena mpaka barabarani kwenye gari, nikapasuliwa. Ile barua ya majani niliiandika kitandani hospitali. Uvimbe umetoka. Daktari alitaka kunionyesha nikakataa. Sasa nala, napika, nagombana na baba yako. Sikukwambia kwa sababu wewe ungepanda ndege, na ukipanda ndege masomo yangekatika. Wewe nawe hukuniambia. Tumefunikana kama vyungu viwili.

Baba yako nilimwambia baada ya misa. Nilimpa yote pamoja, goti, ualimu, na biashara uliyoiacha. Akachukua koti akatoka. Nikajua ameenda kwenye pombe kuwaambia wenzake kwamba mwanae hachezi tena, nikamwonea huruma.

Alirudi jioni, hakuwa amelewa. Alikuwa kwa Nzeyimana. Wamekaa huko wanatengeneza ingobyi, mianzi ya pembeni ilikuwa imelegea. Alikula, akanawa, akasema, "Mwandikie. Mwambie kwamba Nzeyimana hatujawahi kumtoa kwenye wabebaji."

Nikamuuliza, basi? Akasema, "Yeye ataelewa."

Kuhusu biashara hajasema kitu mpaka leo. Lakini jana nilimsikia akimwambia mteja wa kahawa kwamba mwanae ni mwalimu, Amerika, wa hisabati, na hao watoto bila yeye hawajui hata kutembea.

Nina swali moja, linanisumbua. Ukitoa neno huko, unatoa lipi? Lao au letu?

Mama yako,
Theodosia

---

Nebraska
22 Septemba 2024

Mama, shikamoo. Shikamoo baba. Mwambie nimeelewa.

Nimewekwa shule ya sekondari hapa jirani kwa mazoezi ya ualimu. Asubuhi hisabati, jioni narudi chuoni kwa watu wa mstari. Siku ya kwanza darasani niliogopa kuliko kwenye mechi yoyote. Niliandika ubaoni, chaki ikakatika, wakacheka, nikacheka nao, tukaanza.

Neno ni letu. Watu wa mstari wanasema "Tugende" kwa sauti ya puani, ungecheka. Watu wa timu nyingine hawaelewi, na hiyo inatusaidia.

Lakini wameniuliza kitu nikashindwa. Wanasema, mwalimu, sisi tunajua ya kubeba. Yule aliye nyuma yetu, tusiyemwona, yeye anajisikiaje? Mrushaji wao wamemuuliza, anasema tu ni sawa. Nimewaambia sijui, sijawahi kulala pale, lakini namjua aliyewahi.

Waandikie, mama. Nitawatafsiria kama ilivyo.

Kwizera

---

Kirushya
27 Oktoba 2024

Watoto wa Kwizera,

Hamjambo. Mimi ni mama yake, yule wa barua ya ukutani. Mvua imeanza, migomba imefungua majani. Someni kwanza, mpira baadaye.

Mmeuliza yule asiyeonekana anajisikiaje. Nawaambia. Anaona anga na visogo. Sura ya mtu haoni hata moja. Mwanzo anaogopa, anajishika pembeni, anahesabu kila jiwe. Halafu anaanza kusikiliza. Walionibeba walikuwa wanabishana nani alimaliza nyama kwenye arusi ya mtoto wa Leonidas. Walibishana kilima kizima. Mmoja akasema, "Huyu mama hapa alikuwepo, tumuulize," mwingine akasema, "Mwache apone kwanza, halafu atakutaja wewe." Nikacheka na tumbo likauma. Hapo nikajua sitakufa, maana watu wanaombeba mtu wa kufa hawabishani juu ya nyama.

Tulipofika kwenye utelezi walinyamaza wote. Nikaogopa tena kuliko mwanzo. Nzeyimana akatoa neno, wakapita, na wakaendelea na nyama yao.

Basi huyo mwembamba wenu msimwache kwenye kimya. Mkiwa mnasukumana, semeni chochote, akisikie.

Kwizera, umekonda au ni ile picha mpya aliyonionyesha Yuster?

Theodosia